Bafle ya Kushoto

Vijana wa ateliye, karakana yetu ya redio, wameniomba niandike. Wamesema, Shangazi, umestaafu, macho yako hayaoni tena waya mwembamba, lakini mdomo bado unafanya kazi, tuandikie ya zamani. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika nililipwa nini, maana hamtaamini na mimi nitakasirika upya. Nitaandika habari za mashine, na za watu waliozipenda mashine hizo kuliko wake zao.

Mnanijua kwa jina la Hadija fundi. Nilianza kazi hapahapa Buyenzi nikiwa msichana, kwa mjomba wangu Mzee Juma, aliyekuwa na ateliye yenye upana wa kitanda. Alinichukua kwa sababu watoto wake wa kiume walipenda mpira, na kwa sababu mama yangu alimkera mpaka akachoka. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa redio iliyoungua akaniambia ninuse. Nikanusa. Akauliza nasikia harufu gani. Nikasema moshi. Akasema ninuse tena. Ilinichukua muda kujua kwamba transfo iliyoungua hunuka vanishi ya jeneza jipya, na kondansateri iliyopasuka hunuka samaki wa jana. Baada ya hapo sikuhitaji kufungua redio nusu ya zile zilizoletwa. Nilijua ugonjwa ulipo kabla mteja hajamaliza kudanganya kwamba haijaanguka. Ninyi siku hizi mnachomeka kompyuta kabla hamjanusa. Shauri yenu.

Somo la pili lilikuwa uzito. Mteja wa Bujumbura wakati ule hakununua mashine kwa masikio, alinunua kwa mkono. Anafika, ananyanyua. Ikiwa nyepesi anairudisha chini na kusema hiyo ni plastiki. Basi Mzee Juma akipata mashine nyepesi kutoka Uvira, aliifungua, akabandika ndani kopo la sadini lililojaa simenti kavu, akaifunga. Mashine ileile, sauti ileile, lakini sasa mteja akiinyanyua anaguna kwa heshima. Kwenye bafle, yale maboksi makubwa ya spika, aliweka makopo mawili. Nilimuuliza kama huo si udanganyifu. Akasema mteja ametaka uzito na amepewa uzito, mbona hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizia sauti? Hatukuwa peke yetu. Barabara yetu yote iliishi kwa sadini.

Kisha mwaka wa tisini na tatu vita vikaja, na mji ukakatika vipande. Mtaa huu ukawa wa hawa, ule ukawa wa wale, na mtu aliweza kupoteza maisha kwa kukosea kona. Buyenzi tulibaki tumechanganyika kama zamani. Kwa hiyo fundi wa Buyenzi aliweza kupanda Kiriri kwa hawa na kushuka Carama kwa wale na mfuko wake wa vyombo, na kote kote akatazamwa kwa wasiwasi uleule, jambo ambalo siku zile lilikuwa aina ya amani. Baadaye ikaja ambargo. Nchi jirani zilifunga mipaka na hakuna kifaa kilichoingia. Redio moja iliyokufa ilitoa viungo kwa redio tatu. Chuma cha kulehemu tulikipasha kwa makaa umeme ukikatika, na tulifunga mapema kwa sababu ya kuvrefe, ile amri ya kila mtu kuwa ndani jua likizama.

Ni katika miaka hiyo, kupata sukari kukiwa habari ya kupeana pongezi, nilipoitwa Kiriri kwa Bwana Gaspard.

Bwana Gaspard alikuwa mkubwa wizarani, na kabla ya hapo alikaa ubalozini Ulaya miaka mingi. Wenzake walirudi na magari. Yeye alirudi na gramafoni. Nilipoiita gramafoni alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa, akanifundisha kwamba ile ni platini. Kando yake kulikuwa na ampli ya malampi, yaani zile taa za kioo mlizoziona kwenye redio za babu zenu, na bafle mbili ndefu za mbao nyekundu. Aliniambia bei bila kuulizwa. Kwa pesa ile ungejenga Buyenzi nyumba tatu, uzipangishe, na usifanye kazi tena mpaka ufe. Waya wa kuunganisha ampli na bafle ulikuwa mnene kama mkia wa ng'ombe, na bei yake ilikuwa ng'ombe mwenyewe. Haukuruhusiwa kugusa sakafu. Ulipumzishwa juu ya vigogo vidogo vya mbao, na vigogo hivyo vilitoka Ulaya. Mbao, jamani, zimepandishwa ndege kuja Burundi!

Na ule waya ulichorwa mshale, kuonyesha umeme upite wapi. Nilimwambia kwamba umeme wa muziki huenda na kurudi, hauangalii mshale. Alinitazama kwa huruma, akasema nitaelewa nikikua. Nilikuwa na watoto wawili.

Alisema umeme wa asubuhi ni mtamu kuliko wa jioni. Alisema malampi lazima yapate joto saa nzima kabla sahani ya kwanza haijawekwa, na sahani ikicheza mke wake asifagie. Siku moja mabomu yalipoanza kulia upande wa Kamenge, jirani zake wote waliingia chini ya vitanda. Bwana Gaspard alikimbilia sebuleni kuinua sindano isije ikakwaruza sahani. Aliyenisimulia hayo ni mke wake, Mama Goreti, na hakuwa akicheka.

Kilichonipeleka ni kwamba platini ilikuwa inazunguka kilevi. Nilikwenda na Mzee Juma, kwa sababu kitu cha bei ile nisingethubutu kukifungua peke yangu. Tukafungua. Ndani, chini ya lile sahani kubwa la kuzungukia, tulikuta bamba nene la madini ya risasi limebandikwa kwa gundi. Halikuwa na waya wala kazi yoyote tuliyoiona. Mzee Juma alilitazama, akalipima kwa mkono, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta kiti. Bwana Gaspard akatueleza kwa uso mkavu kwamba bamba lile linaua mitetemo, na kijitabu kilichokuja na mashine kimeliandikia kurasa nzima. Mzee akajibu kwa adabu kwamba sisi huku tunatumia sadini. Bwana Gaspard alidhani mzee ana njaa, akaagiza tuletewe chakula.

Ugonjwa ulikuwa mkanda wa mpira uliolegea. Mpya haukupatikana, tukakata pete kwenye tyubu ya baiskeli. Msinipigie makofi: ile pete iliizungusha sahani haraka mno, na mwimbaji akatoka na sauti ya kuku. Tulihangaika na msasa siku nyingi, mara kuku, mara ng'ombe, mpaka akarudi kuwa mtu.

Ilipopona, Bwana Gaspard alitukalisha tusikilize. Nataka kuwa mkweli hapa. Nilimsikia yule mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza. Nilisikia ulimi wake. Nywele zilinisimama, na nilimwonea wivu yule bwana. Tukiwa njiani nilimwambia mjomba ilikuwa nzuri sana. Akasema nzuri ndiyo, lakini si nyumba tatu.

Kitu kimoja mkiweke akilini ili muelewe yanayofuata. Ampli ile ilikuwa na wati nane. Redio ya kinyozi ina zaidi. Bwana Gaspard alisema wati ni hesabu ya wajinga: ampli kubwa hupiga kelele, ndogo huzungumza nawe.

Sasa, Bwana Gaspard alikuwa na binti mmoja, Goreti, muuguzi. Kazini alikutana na muuguzi mwenzake, Élie, kijana mpole kutoka Carama, na wakapendana bila kumwuliza mtu. Carama ilikuwa upande ule. Sina haja ya kuwaeleza zaidi, wote mna wazazi. Bwana Gaspard alikataa, akakataa tena, lakini Goreti alikuwa na kichwa kigumu alichokirithi kwake mwenyewe. Mwishowe akakubali kwa sharti kwamba muziki wa harusi utatoka kwenye mashine yake. Alisema kama watu wale wanamchukua binti yake, angalau siku moja wasikie kitu cha maana.

Maneno hayo yalimfikia Goreti. Siku chache kabla ya harusi alishuka Buyenzi, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akakunja mikono.

"Shangazi," akasema, "Baba atawanyamazisha na ile mashine. Watakaa kimya wanasikiliza mutu wa Ulaya anaimba, halafu kuvrefe itakaribia, wataenda. Mi nitakaa kwao Carama. Kama hakuna mukubwa wao aliyenipokea kwa mdomo wake, na watu wake wakasikia, nitakaa pale kama nani?"

Kwa wale waliozaliwa juzi: kwenye harusi zetu msemaji wa familia ya msichana husimama na kumtoa kwa maneno, na msemaji wa familia ya mvulana husimama na kumpokea kwa maneno, watu wote wakisikia. Pombe hufuata. Maneno hayo yasiposikika, bibi harusi ni abiria tu. Na Carama ya wakati ule kulikuwa na vijana waliokwisha kusema kwamba huyo wa Kiriri hatamaliza mwezi. Mzee wao akimwita Goreti binti yao mbele ya kila mtu, vijana hao wangelazimika kufunga midomo. Asipomwita, Goreti angekuwa analala kwenye nyumba ambayo hakuna anayemlinda. Nilielewa vizuri sana. Nikamwambia asiogope, nitaleta bafle zangu mbili kubwa na ampli yangu na maiki, na mzee wa Carama atasikika mpaka Kongo.

Siku ya harusi nilipakia vyombo kwenye pikapu ya jirani. Harusi za vita zilifanywa mchana, na ukumbi ulikuwa Mutanga Nord, mahali ambapo kila upande uliweza kufika huku ukitetemeka kidogo. Tukafika kwenye barieri, kizuizi cha barabarani. Askari akashika bafle aishushe, ikamshinda. Akamwita mwenzake. Wakanyanyua pamoja, wakatazamana. Wakaniuliza kuna nini ndani. Nikasema hewa.

Wakaifungua kwa bisibisi yangu mwenyewe. Waliona nini? Waliona makopo mawili yamezibwa, yamefungwa kwa waya ili yasicheze, yamefichwa nyuma ya ubao. Wote walilala chini. Na mimi nikalala, ingawa nilijua ni sadini. Nikawaeleza nikiwa vumbini kwamba ile ni simenti ya kuongeza uzito. Uzito wa nini? Wa wateja. Kadiri nilivyosema ukweli ndivyo nilivyozidi kuonekana muuaji. Mwishowe mmoja wao, ambaye baba yake alikuwa na duka la redio, alianza kucheka. Wakaniachia mimi na mfuko wangu. Maiki ilikuwa humo. Bafle, ampli, pikapu na dereva vilibaki kumngoja kamanda.

Nilikwenda kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikimtukana mjomba wangu na sadini zake zote. Goreti aliniona nikiingia mikono mitupu. Akaangalia nyuma yangu, hakuona kitu, akageuza uso. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Ukumbi ulikuwa umekatwa katikati. Kushoto watu wa Kiriri na tai zao, kulia watu wa Carama na suti za kuazima, na kati yao njia ambayo lori lingepita. Mbele kabisa Bwana Gaspard alikuwa amepiga magoti akipangusa sahani kwa brashi. Bafle yake moja ilisimama upande wa Kiriri, nyingine upande wa Carama. Umeme ulikuwepo, tena ulikuwa wa mchana, ambao hakuwahi kuusifia. Akaweka sindano.

Wati nane, watu mia tatu. Hakuna aliyesikia kitu. Mtoto mmoja alikohoa akaumaliza wimbo. Watu wa Carama waliitazama ile mashine kwa upole, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa asiyeweza kusema. Sahani ikaisha, akageuza upande wa pili. Wazee wa Carama wakaanza kuangalia saa, mmoja akachukua kofia yake. Wasemaji hawakuweza kusimama. Walikuwa wakingoja maiki, na mtu hapigi kelele mbele ya wakwe. Ukipaza sauti umewatukana.

Nikamwendea Bwana Gaspard, nikamwomba nichomeke maiki kwenye ampli yake. Akasema haiwezekani. Akasema kutia maiki ya ukumbini kwenye malampi yale ni kunawa miguu kwenye bakuli la supu. Nilimwomba tena. Alinigeuzia mgongo, akachukua sahani nyingine.

Hapo Goreti akasimama. Bibi harusi wetu hasimami ovyo, hacheki, anatazama chini mpaka shingo imuume. Yeye alisimama, akakusanya shela, akaenda mpaka kwa baba yake. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia.

"Baba," akamwambia polepole, "hizo sahani nimezisikia toka nizaliwe. Leo niache nisikie watu."

Bwana Gaspard alibaki ameshika ile sahani kwa vidole viwili pembeni, kama anavyoshika siku zote. Kisha akairudisha kwenye bahasha yake. Akachomoa mwenyewe waya wa sindano, kwa mikono miwili, akanikabidhi nafasi.

Nilichomeka maiki pale ilipotoka sindano, kwa hiyo sauti ilitoka nzito, ya mtu mwenye mafua. Na nilikuwa na waya mmoja tu uliofaa, kwa hiyo ilitoka kwenye bafle ya kushoto peke yake. Msemaji wa Kiriri akamtoa Goreti kwa maneno mazuri na mafupi, na watu wake walisikia. Ikaja zamu ya mzee wa Carama, baba mkubwa wa Élie, mwalimu wa zamani mwenye kifua kibovu. Akaanza. Watu wa Kiriri waliokaa mbele ya ile bafle wakamsikia vizuri sana. Watu wake mwenyewe hawakusikia hata neno.

Bibi yake Élie, mwanamke mfupi mwenye fimbo, alivumilia sentensi mbili. Halafu akasimama, akashika kiti chake, akakiburuza sakafuni kwa kelele ya kutisha mpaka ng'ambo ya pili, akakiweka kando ya Mama Goreti, akakaa. Mama Goreti akasogeza mkoba wake. Basi wajukuu wakamfuata bibi, kwa kuwa hawezi kuachwa peke yake kule. Wake wakafuata watoto. Wanaume walikuwa wa mwisho, wakiburuza viti huku wakitazama dari, kana kwamba viti ndivyo vinavyowaburuza. Watu wa Kiriri wakabanana. Ile njia ya lori ikajaa magoti. Mzee alikuwa bado katikati ya hotuba, anataja mababu, hajafika kwa Goreti.

Mimi, fundi, niliona kasoro. Nikapekua mfuko, nikapata kipande cha waya, nikaanza kukimenya kwa meno ili bafle ya kulia nayo iseme. Niliinamia ile kazi nikaona mkono umeshika wangu. Alikuwa Bwana Gaspard. Hakunitazama. Alikuwa akitazama ukumbi, na macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Fundi, acha," akasema. Baada ya kidogo akaongeza, "Tena punguza."

Nilidhani sikusikia. Nikamtazama. Akaonyesha kwa kidevu kile kitufe cha ampli, ambacho mtu mwingine hakuwahi kuruhusiwa kukigusa. Nikapunguza. Viti vikasogea tena, wale wa nyuma wakawaegemea wa mbele mabegani bila kuuliza ni bega la nani. Mzee wa Carama akakohoa, akafika kwenye jina la Goreti, na akasema lile neno kwa sauti ndogo mno, hata mimi niliyekuwa kwenye ampli sikulipata.

Bibi yake Élie alilipata. Akageuka kwenye kiti, akawapigia kelele wote waliokuwa nyuma yake, wakwe na wasio wakwe: "Amesema ni binti yetu."